Bukuru Aliandika Jana, Mimi Nikaandika Kesho

Daftari langu la darasa la saba linanuka sabuni ya mawese mpaka leo. Bibi alilitia kwenye sanduku la bati pamoja na miche ya sabuni aliyokuwa akiiuza gulioni, akalisahau humo miaka yote. Mwezi uliopita nilikwenda kumsaidia kufagia chumba, nikafungua sanduku, harufu ikanipiga puani. Hata jina langu pale kwenye jalada nilikuwa bado sijaliona, tayari nimesharudi darasani, nimesimama, watoto hamsini na kitu wananikodolea macho.

Ngojeni nianze vizuri. Nina haraka niliyozaliwa nayo, na ndiyo inayoniharibia hadithi zangu zote.

Sisi ni pacha. Huku kwetu Kasulu ukizaa pacha huhangaiki kutafuta majina. Anayetangulia ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi, imekwisha hiyo. Mimi ni Butoyi. Dada yangu alinitangulia kwa dakika ambazo hata mkunga hakuzihesabu, lakini kwa dakika hizo hizo alikuwa wa kwanza kupewa sare mpya, wa kwanza kutumwa na wa kwanza kuulizwa anaendeleaje. Tukimsalimia mtu njiani, "Mwakeye," anajibiwa yeye, mimi naambulia kutikisiwa kichwa. Sura yetu moja, sauti moja, hata kovu la goti tulilipata siku moja kwa kuanguka na baiskeli moja.

Shuleni watoto hawakuchelewa kutupa majina. Bukuru wakamwita Orijino. Mimi wakaniita Fotokopi.

"We Fotokopi, orijino yako umeiacha wapi?"

"Msimguse huyo, wino wake bado mbichi!"

Nilikuwa nacheka nao. Usipocheka ndio jina linaganda. Lakini ndani kulikuwa kunachoma, nawaambieni.

Mwalimu wetu wa Kiswahili aliitwa Mwalimu Rajabu, mtu wa Tanga. Kiswahili chake kilikuwa kinateleza kama mtu anayeshuka mteremko akiwa na viatu vya mpira. Sisi huku nyumbani tunaongea Kiha, na Kiha hakina urafiki sana na herufi l, basi r ilikuwa inatutoka kila mahali. Mtu akisema "karamu yangu imepotea," Mwalimu Rajabu anavua miwani. "Karamu ni sherehe. Wewe nani kakualika sherehe? Sema kalamu!" Tunaitikia darasa zima: "Karamu!" Anakaa chini.

Muhula wa kwanza wa darasa la saba akatupa kazi. Kila mtu aandike kisa cha kweli kilichotokea kwao, kurasa mbili, zikizidi sana tatu. Kisa kitakachoshinda kitasomwa siku ya wazazi na aliyekiandika mwenyewe, kwenye spika ya kukodi, mbele ya wageni waliokaa viti vya plastiki.

Jamani, niliitaka ile spika. Niliitaka mpaka nikawa naiota. Nilitaka Mama asikie jina la Butoyi likitajwa peke yake, bila Bukuru kutangulia mbele yake kama tela na trekta. Na msinicheke, najua kwamba trekta ndilo linalotangulia. Nilikuwa na miaka kumi na tatu.

Nikachagua kuandika kuhusu siku Mama alipotoweka.

Nasema kutoweka kwa sababu ndivyo nilivyoona mimi. Novemba ya mwaka uliotangulia shule ilitupa mapumziko ya siku mbili, mimi na Bukuru tukaenda Munanila kwa shangazi kupalilia maharage. Tuliporudi Jumamosi mchana tulikuta mlango uko wazi. Bibi kakaa jikoni peke yake anakula kiazi kitamu kilichotoka majivuni muda huo huo, moshi unamtoka mdomoni. Mama hayupo. Begi lake la bluu lililokuwa likining'inia kwenye msumari nalo halipo. Tukamvamia Bibi kwa maswali, wote wawili kwa mpigo, kama kawaida yetu. Mimi niliuliza Mama anarudi lini. Bibi akanijibu neno moja tu, nikaridhika. Kesho.

Basi Jumapili nikaaga kwamba nawahi misa ya kwanza. Nikavaa viatu vya Jumapili vilivyokuwa vinanibana, lakini njia ya kanisani niliiacha. Nikaenda kukaa njia panda pale mabasi yanaposhusha watu. Nilikaa kutwa. Kila gari likisimama nasimama, likiondoka nakaa. Palikuwa na mama mmoja Mkongo anauza vitumbua, akaniangalia weee, mwisho akashindwa kuvumilia.

"Mutoto, unangoya nani?"

"Mama yangu."

"Kula kwanza. Mama atakuya tu."

Akanipa kitumbua cha bure. Mama hakuja. Alirudi baada ya wiki tatu, akasema alikuwa Kakonko kwa mama mdogo, basi, hakueleza zaidi. Na mimi wiki zote hizo nilikuwa nimemnunia Bibi kwa kunidanganya. Sikumwambia mtu nilikwenda wapi ile Jumapili. Hata Bukuru sikumwambia. Niliona aibu, yaani mtu mzima wa miaka kumi na miwili nimekaa barabarani kama mzigo usio na mwenyewe. Kwa hiyo nilipopewa kazi ya kisa cha kweli, hasira yote ikamwagika kwenye daftari. Niliandika chumbani, Bukuru akaandika jikoni, hakuna aliyechungulia cha mwenzake.

Madaftari yaliporudi, la Bukuru liliandikwa kwa wino mwekundu: "Safi sana. Kitasomwa." Langu liliandikwa: "UMENAKILI." Na chini yake yai. Sifuri kubwa, ya mviringo, nzuri kabisa.

"Butoyi, simama," Mwalimu Rajabu akasema. "Hadithi hii ya nani?"

"Yangu, Mwalimu."

"Na hii?"

"Ya Bukuru."

Akazishika moja mkono huu, moja mkono huu. "Begi la bluu huku, begi la bluu huku. Bibi anakula kiazi huku, Bibi anakula kiazi huku. Huku 'tulirara' kwa r, na huku 'tulirara' kwa r. Hivi mwizi gani wewe, unaiba mpaka makosa?"

Kutoka nyuma mtu akasema kwa sauti ya chini, "Mashine ya fotokopi haichagui." Watu wakaangua kicheko.

Ile haraka yangu ikanipanda kichwani. "Mwalimu, hiyo r ni ya darasa zima. Mwite kiranja aandike 'tulilala' ubaoni uone."

Kiranja akainamisha kichwa haraka kama mtu aliyedondosha kitu. Mwalimu Rajabu nusu acheke, akajizuia.

"Haya. Lakini hata kunakili kwenyewe hujui. Mwenzio kaandika kwamba Bibi alijibu 'jana.' Wewe kwa pupa yako ukaandika 'kesho.' Jana na kesho vinafanana wapi?"

Jana? Nikageuka kumtazama Bukuru, aliyekaa dawati la mbele. Na yeye kageuka ananitazama, ile sura yangu mwenyewe, mdomo wazi.

"We Bukuru, umeandika jana?"

"Si ndivyo alivyosema."

"Alisema kesho!"

"Alisema jana, Butoyi. Nilimuuliza Mama kaondoka lini, akasema jana."

"Mimi nilimuuliza anarudi lini!"

Hapo yule yule wa nyuma, mpinzani wangu mkubwa, akapiga dawati na kupayuka: "Ejo! Bibi yao kasema ejo!"

Darasa likalipuka. Watu walicheka mpaka wengine wakatoka kwenye madawati. Waliokuwa hawacheki ni watatu tu, mimi, Bukuru, na Mwalimu Rajabu, aliyekuwa amesimama katikati anageuza shingo kama mgeni msibani.

"Ejo ndiyo nini? Nyamazeni! Kiranja, ejo ndiyo nini?"

"Mwalimu, kwa Kiha jana ni ejo."

"Na kesho?"

"Na kesho ni ejo, Mwalimu."

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

"Sasa mnajuaje mtu anasema ipi?"

Kiranja akafikiri. "Tunajua tu, Mwalimu."

Mwalimu Rajabu akakaa juu ya meza, kitu alichotukataza sisi kila siku. Akayatazama yale madaftari upya. Lakini alikuwa mtu mgumu, si wa kubadili neno kwa kicheko cha watoto. Akasema hilo ni neno moja tu, na hadithi ina maneno mengi. Kama mimi ndiye mwenye hadithi yangu, basi nioneshe kwa hadithi zenyewe, la sivyo yai langu linabaki palepale na nitakaa na wageni kusikiliza spika.

Nikaenda mbele. Sikumbuki nilivyotembea. Nikachukua madaftari yote mawili, nikasoma kwanza la Bukuru, kwa sauti:

"Tulirudi Jumamosi. Mlango ulikuwa wazi. Begi la bluu halikuwepo. Tulimuuliza Bibi. Alisema jana. Tulikaa. Tulipika. Tulirara."

Halafu nikasoma langu, nalo halikuwa na nukta karibu, nilisoma mpaka pumzi ikanikatika:

"Mimi Jumapili hiyo niliamka kabla ya jogoo nikavaa viatu vyangu vinavyobana nikawa natembea huku naongea na Mama moyoni, namwambia usipokuja leo nakuvua umama, na vumbi la barabara lote likawa linanijua kwa jina kwa jinsi nilivyokaa, na kila gari lilipokuja nikaona begi la bluu dirishani, na kila lilipofika karibu lile begi likageuka kuwa kanga ya mtu mwingine."

"Mwalimu," nikasema, "Bukuru anahadithia kama mtu aliyekwisha funga mlango. Mimi nahadithia kama mtu bado kasimama mlangoni anachungulia. Yeye kasikia jana, basi kwake mambo yamekwisha, anayapanga tu kama vyombo vilivyooshwa. Mimi nimesikia kesho, kwa hiyo kwangu hakuna kilichokwisha. Sentensi zangu haziishi kwa sababu hiyo."

Sikujua ninayatoa wapi hayo maneno. Nilikuwa nayaona tu, nikitazama ukurasa huu na ule.

"Mwalimu, hesabu. Kwa Bukuru kila kitu ni tu, tu, tu. Tulirudi, tulikaa, tulipika. Kwangu ni ni, ni, ni. Mama wa vitumbua yuko kwangu, kwake hayupo, maana yeye njia panda hakufika. Na Bukuru mwenyewe kwenye hadithi yangu hayupo kabisa! Mtu anayenakili, Mwalimu, atamsahauje yule yule anayemnakili?"

Hapo hakuna aliyecheka. Bukuru alikuwa anatazama dawati lake, anakwangua rangi kwa ukucha. Nikamalizia na mistari ya mwisho ya hadithi yake, nikaisoma kwa haraka kama mtu anayefunga mahesabu ya shindano alilokwisha shinda: "Mdogo wangu alivaa viatu vya Jumapili akaenda barabarani. Alirudi jioni. Sikumuuliza."

"Umeona, Mwalimu? Hajui hata nilikwenda kufanya nini."

Mwalimu Rajabu akaninyang'anya daftari. Akachora mstari juu ya "UMENAKILI," akachora mwingine juu ya yai, akaandika pembeni, na mpaka leo yapo, nimeyashika hapa kwa vidole vyenye harufu ya sabuni: "Sauti yake mwenyewe." Kisha akaligeukia darasa.

"Siku ya wazazi zitasomwa mbili. Jana atatangulia, Kesho atafuata. Na kuanzia leo nikisikia mtu anataja fotokopi, atafagia uwanja."

Nilirudi kukaa nikiwa mrefu kuliko nilivyoondoka. Nilikuwa nimeshinda, na nilitaka dunia nzima ijue, kuanzia Kasulu mpaka Kibondo.

Siku ya wazazi ile spika ilikuwa inakoroma, lakini ilikoroma jina langu. Bukuru alisoma yake kwa dakika moja na nusu, watu wakapiga makofi. Mimi nikasoma yangu. Nilipofika kwenye viatu vinavyobana, nikainua macho nikamuona Mama safu ya tatu, mkono mdomoni. Nilipofika kwenye begi linalogeuka kanga, akasimama. Nikadhani anaondoka. Kumbe anakuja mbele. Akaomba ile maiki kwa Mwalimu Rajabu, na Mama yangu ni mtu ambaye hata kwenye kikao cha kitongoji haongei.

"Watoto hawa hawakujua nilikuwa wapi," akasema. "Hata majirani hawakujua. Nilikuwa Kakonko nafanya mtihani wa kidato cha nne. Zamani niliufanya nikafeli, nikaona nikiwaambia halafu nifeli tena nitauweka wapi uso. Basi majibu yametoka. Nimefaulu."

Spika ikapiga yowe, vigelegele vikapiga yowe zaidi. Bibi, aliyekuwa amekaa na mkeka wake chini kwa sababu haviamini viti vya plastiki, akaanza kucheza akiwa amekaa hapo hapo. Mimi na Bukuru tukashikana mikono bila kupanga. Leo Mama anafundisha chekechea, na watoto wake wanasema kalamu. Wengi wao.

Fotokopi ikafa siku hiyo. Tukawa Jana na Kesho, na hayo majina tuliyapenda.

Nilipofika kidato cha tatu, mwalimu wa fasihi akaandika ubaoni tulinganishe mtindo na sauti ya msimulizi katika hadithi mbili. Wenzangu wakaguna. Mimi nilinyoosha mkono kabla hajaweka nukta. Nilijivuna mpaka mwalimu akaniambia nishushe mkono, hajauliza kitu bado.

Lakini niwaambie ukweli. Mwezi uliopita, nimekaa na madaftari mawili kwenye sakafu ya chumba cha Bibi, maana la Bukuru nalo lilikuwemo sandukuni, nikazisoma tena zile hadithi bila haraka, kwa mara ya kwanza labda. Yangu bado naipenda. Ina kelele, ina vumbi, ina njaa. Ila yake ndiyo iliyonikalisha. Ukiitazama yote, tu, tu, tu, halafu mwisho kabisa, mara moja tu, anajitokeza yeye peke yake: Sikumuuliza. Neno moja. Na mimi siku ile nililipita mbio kama gari linalopita kituo.

Nikamuuliza Bibi kwanza. "Bibi, ile siku ya kiazi ulikuwa unamjibu nani, mimi au Bukuru?"

Bibi akacheka mpaka akakohoa. "Kiazi kilikuwa cha moto, mjukuu wangu. Mliuliza pamoja, nami nikawajibu pamoja."

Halafu nikampigia Bukuru. Yeye sasa yuko Kibondo, anasomea uuguzi. Mimi humtumia ujumbe wa sauti wa dakika tano, yeye ananiandikia: "Tumefika. Mvua. Tumekula." Mpaka leo bado ni tu, hata akiwa amekula peke yake.

"Bukuru," nikamwambia, "ile Jumapili uliniona navaa viatu?"

"Nilikuona."

"Ulijua nakwenda kumsubiri Mama?"

"Njia ya kanisani ulikuwa umeiacha. Nilijua."

"Na wewe ulikuwa umesikia jana. Ulijua hakuna aliyesema Mama anarudi. Kwa nini hukuniambia? Kwa nini hukuniuliza?"

Nikasikia mvua ya Kibondo ikipiga bati upande wa pili. Nikataka kumharakisha, nikajizuia, na kwangu mimi hiyo ni kazi kubwa.

"Ningekuuliza ungerudi nyumbani," akasema. "Na mimi nilikuwa naomba Mungu, chochote ulichosikia kwa Bibi, wewe ndiye uwe umesikia vizuri."